Mshahara ukipanda, nafuu ya ndoa huenda wapi?



Wiki iliyopita, baada ya swala ya Isha, nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mpwa wangu aliyeko Uingereza. Yuko huko na mumewe, kijana wetu wa hapa hapa Mombasa, na wana watoto wawili. Sauti yake haikuwa ya furaha. "Mjomba," akaniambia, "kazini wataka kuniongeza masaa, na mwenzangu aniambia nikatae. Asema nikikubali tutapoteza ile nafuu ya kodi ya mke na mume. Hebu nambie, ni kweli?"

Mimi si mhasibu wa Uingereza. Nina diploma yangu ya biashara na kalamu yangu, basi. Lakini mtoto wa dada akikuuliza, humwambii "sijui" ukalala. Nilikaa nikazisoma kanuni za kodi za huko, nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Nilichokipata nimeona si cha mpwa wangu peke yake. Ni nadra siku hizi kupata mtaa wa Mombasa, Lamu au Malindi usio na mtu wake London, Birmingham au Glasgow, na mazungumzo kama haya ya mke na mume yako katika nyumba nyingi.

Nafuu yenyewe ni ipi?

Tuanze na msingi. Uingereza kila mtu ana kiwango chake cha mapato ambacho hakitozwi kodi. Katika mwaka wa kodi wa 2025/26 kiwango hicho ni pauni 12,570. Mwaka wa kodi huko hauanzi Januari, huanza tarehe 6 Aprili na kumalizika tarehe 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Ukipata zaidi ya pauni 12,570, ile ziada hukatwa asilimia 20, mpaka ufike pauni 50,270. Ukivuka hapo, pauni za juu yake huanza kukatwa asilimia 40.

Sasa fikiria mke na mume, kila mmoja na ndoo yake ya pauni 12,570. Kilichomo ndani ya ndoo mtoza kodi hakigusi, anachukua fungu lake katika kile kinachomwagika. Ndoo ya mume imejaa na inamwagika. Ndoo ya mke, ambaye labda anafanya kazi masaa machache kwa sababu ya watoto, haijajaa. Sheria inamruhusu mke ampe mumewe sehemu ya nafasi iliyobaki katika ndoo yake. Sehemu hiyo ni pauni 1,260, si zaidi, hata kama nafasi iliyobaki ni kubwa. Hii ndiyo nafuu inayoitwa Marriage Allowance, na ilianza Aprili 2015.

Mume akipewa pauni 1,260 zisizotozwa, anaokoa asilimia 20 yake, yaani pauni 252 kwa mwaka. Hiyo ni pauni 21 kwa mwezi. Si utajiri, lakini katika nyumba ya watoto wawili pauni 21 ina kazi yake. Na mambo yanaweza kuwa kinyume pia: mke akiwa ndiye mwenye mshahara mkubwa, mume humpa yeye. Sheria haitazami nani mke nani mume, inatazama nani ana kidogo na nani ana kingi.

Masharti makubwa ni matatu. Kwanza, muwe mmeoana kwa ndoa inayotambuliwa kisheria, au muwe na uhusiano uliosajiliwa kwa sheria ya huko. Pili, anayetoa awe na mapato yasiyofika pauni 12,570. Tatu, na hapa ndipo penye mtego, anayepokea awe analipa kodi ya asilimia 20 tu, yaani mapato yake yasivuke pauni 50,270. Kwa wale walioko Scotland, ambako viwango vya kodi ni vyao wenyewe, mpaka huo ni pauni 43,662.

Mlango wa mume ni ukuta

Mpwa wangu aliniambia mumewe anapata pauni 49,800 kwa mwaka, na ameahidiwa nyongeza ya pauni 800. Kila mtu nyumbani alifurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini tazama nyongeza hiyo inapopita.

Kutoka 49,800 hadi 50,270 ni pauni 470, zinakatwa asilimia 20: pauni 94. Zinazobaki, pauni 330, ziko juu ya mpaka na zinakatwa asilimia 40: pauni 132. Kuna na mchango wa bima ya taifa, asilimia 8 chini ya mpaka na asilimia 2 juu yake, jumla kama pauni 44. Kwa hivyo katika pauni 800, zinazofika mfukoni ni kama pauni 530.

Bado hatujamaliza. Kwa kuwa sasa mume analipa kodi ya asilimia 40, hata kama ni kwa pauni 330 tu, sharti la tatu limevunjika. Nafuu ya ndoa inaondoka yote. Haipungui kidogo kidogo: ungevuka mpaka kwa pauni 1 au kwa pauni 10,000, unachopoteza ni kile kile, pauni 252. Toa 252 katika 530, zinabaki pauni 278. Nyongeza ya pauni 800 imeleta nyumbani pauni 278.

Ubaya wake ni kwamba mara nyingi mtu haoni haya siku ile ile. Nafuu ikishaombwa huendelea yenyewe mwaka hadi mwaka bila kuomba tena. Mume anaendelea kukatwa kidogo kana kwamba hakuna kilichobadilika, mpaka mwaka wa kodi uishe na mamlaka ya kodi, HMRC, ifanye hesabu yake. Ndipo inakuja barua: unadaiwa. Na aghalabu barua hiyo huja wakati ile nyongeza imeshaliwa.

Mlango wa mke ni mteremko

Upande wa mke ni tofauti kabisa, na hapa ndipo nilipoona mume wa mpwa wangu amefunga mlango usiokuwa na mwizi.

Mpwa wangu anafanya kazi jikoni katika skuli, anapata pauni 9,600 kwa mwaka. Akishampa mumewe pauni 1,260, kiwango chake mwenyewe kisichotozwa kinabaki pauni 11,310. Maadamu mapato yake hayajafika hapo, hakatwi kodi hata senti, na nafuu ya nyumba ni kamili, pauni 252.

Masaa anayoongezewa yatampeleka pauni 12,000. Hapo atakuwa amevuka 11,310 kwa pauni 690, na atakatwa asilimia 20 yake, pauni 138. Mume bado anaokoa 252. Nyumba nzima bado inabaki na faida ya pauni 114. Akiendelea kupanda, faida inazidi kupungua taratibu, na akifika 12,570 inakuwa sufuri: anachookoa mume ndicho anacholipa mke. Hakuna ukuta hapo, ni mteremko tu.

Sasa pima. Mke anaongeza pauni 2,400 za mapato. Nafuu inapungua kwa pauni 138. Kweli mtu akatae 2,400 kwa kuogopa 138? Tena chini ya pauni 12,570 mfanyakazi hakatwi mchango wa bima ya taifa. Labda kuwe na sababu nyingine, kama gharama ya kumweka mtoto kwa mlezi, na hiyo ni hesabu ya peke yake. Lakini isisemwe ni kodi.

Kwa hivyo jibu langu kwa mpwa wangu lilikuwa hili: masaa yako hayavunji nafuu, yanaipunguza tu. Kitakachoivunja ni nyongeza ya mwenzako. Na hata hiyo, asiikatae. Ipo njia.

Njia za halali za kubaki chini ya mpaka

Mpaka wa pauni 50,270 hautazami mshahara ulioandikwa katika barua ya kazi. Unatazama mapato baada ya kuhesabu baadhi ya mambo, na mawili makubwa ni akiba ya pensheni na sadaka.

Mume akiziweka zile pauni 330 za juu ya mpaka katika pensheni yake, kwa macho ya kodi anarudi 50,270. Pesa hizo hazikatwi ile asilimia 40, kwa hivyo kuziweka kunamgharimu pauni 198 tu za mfukoni. Na kwa kuzitoa pauni 198 hizo anabakisha nafuu ya pauni 252. Hesabu yake ni hii: bila pensheni, nyongeza inaleta nyumbani pauni 278. Akiweka pensheni, inaleta kama pauni 332, na juu yake ana pauni 330 za uzeeni. Namna ya kukata inatofautiana kazi na kazi, kwa hivyo aulize afisi ya mishahara yao kwanza.

Njia ya pili ni sadaka. Ukitoa kwa shirika la hisani lililosajiliwa, ukajaza fomu ya Gift Aid, shirika hupata kutoka serikalini senti 25 kwa kila pauni uliyotoa, na wewe mpaka wako wa asilimia 20 unasogezwa juu. Mume huyu akitoa pauni 264, shirika linapata 330, na mpaka wake unasogea kwa pauni 330 hizo hizo. Anarudishiwa pauni 66 na anabaki na nafuu ya 252. Jumla 318. Ametoa 264, imerudi 318. Tuliyofundishwa madrasani kuhusu sadaka na mali, hapa yako hata katika vitabu vya mtoza kodi. Ila nia, ndugu yangu, nia. Sadaka ni ya Mwenyezi Mungu kwanza, kodi ije nyuma. Na aweke stakabadhi na aiarifu HMRC, kwa sababu yenyewe haitajua.

Mistari isiyosonga

Mtu anaweza kusema: anayepata pauni elfu 50 ni tajiri, ana haja gani ya pauni 252? Swali ni zuri. Lakini viwango hivi vya 12,570 na 50,270 viliwekwa Aprili 2021 na havijasonga tangu hapo. Serikali moja ilitangaza vitabaki hivyo hadi 2028, na iliyofuata ikasogeza hadi Aprili 2031. Katika muda huo kodi za nyumba, chakula, stima na nauli vimepanda, na mishahara imepanda kuvifuata. Mtu anaongezwa mshahara ili aweze kununua mkate ule ule, lakini kwa macho ya kodi ametajirika. Muuguzi anayechukua zamu za usiku au dereva anayefanya ovataimu anajikuta ameusukuma mguu ng'ambo ya mstari bila maisha yake kubadilika.

Jambo jingine la kujua ni kwamba kodi ya huko humtazama mtu mmoja mmoja, si nyumba. Mfano mzuri ni posho ya watoto. Mmoja wa wazazi akivuka pauni 60,000, posho huanza kurudishwa kidogo kidogo, na akifika 80,000 inarudishwa yote. Basi nyumba ambayo baba na mama kila mmoja anapata 59,000, jumla 118,000, inaila posho yote. Nyumba jirani ambayo baba peke yake anapata 80,000 na mama analea, haipati kitu. Pesa iliyoingia nyumba ya pili ni ndogo zaidi, lakini imeingia kwa mkono mmoja. Nyumba zetu nyingi ni za namna hii ya pili, kwa hivyo ni vizuri tujue.

Wapo na wazee wetu, wale walioondoka Zanzibar baada ya 1964 na wengine waliotangulia. Nyumba ambayo mume au mke amezaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1935 ina nafuu yake ya ndoa, kubwa kuliko hii. Hiyo nayo hupungua mapato yakivuka kiwango fulani, lakini hupungua kwa mteremko, na kuna kima cha chini ambacho haishuki. Mwenye babu au bibi huko amuulizie, maana wazee hawapendi kuuliza.

Nikahi yako yatambuliwa?

Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Nafuu hii ni ya ndoa inayotambuliwa na sheria. Nikahi iliyofungwa hapa kwetu kwa kadhi na kusajiliwa chini ya sheria ya ndoa ya 2014, kwa kawaida inatambuliwa huko. Lakini nikahi iliyofungwa Uingereza sebuleni, au msikitini bila kusajiliwa kiserikali, kwa Mwenyezi Mungu ni ndoa, kwa sheria ya huko si ndoa. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisema hivyo wazi mwaka 2020 katika kesi ya wanandoa waliokuwa na nikahi tu. Hapa hasara si pauni 252. Ni haki za mwanamke siku ya talaka au mume akifariki. Vijana mnaooa huko, sajilini. Wazazi mnaoposa na kuozesha huku kwa simu, ulizeni kabla ya kula pilau.

Na sisi tulioko Kenya?

Wengi huuliza kama KRA ina nafuu kama hiyo. Haina. Kila mfanyakazi ana nafuu yake binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, aliyeoa na asiyeoa sawa sawa. Mke asiyekuwa na mshahara hawezi kumpa mumewe yake. Lakini na mshahara ukipanda, shilingi 2,400 zako zinabaki pale pale. Hatupewi zawadi ya ndoa, wala hatunyang'anywi.

Mambo ya kufanya

Kwa mwenye mtu wake huko, mtumie haya. Anayeomba nafuu ni yule anayetoa, mara nyingi mke, na anaomba bure kwa HMRC yenyewe. Kuna madalali wanaojitangaza kukuombea halafu wanakata fungu kubwa la pesa zako, wapite mbali. Kama mlistahili miaka iliyopita na hamkuomba, mnaweza kudai mpaka miaka 4 nyuma, kwa hivyo kuna nyumba zina zaidi ya pauni 1,000 zimelala. Mkikubaliwa, namba ya kodi ya anayepokea humalizika kwa herufi M, ya anayetoa kwa herufi N. Itazameni katika karatasi ya mshahara. Na mume akiona mwaka huu atavuka mpaka na hana njia ya kurudi chini, aliyeomba ndiye anayepaswa kufuta, afute mapema kabla ya barua.

La mwisho ndilo nililomwambia mume wa mpwa wangu mwenyewe nilipompigia. Nafuu hii ni haki ya mkeo ndani ya ndoo yake, ila faida yake inaingia katika mshahara wako. Katika dini yetu mali ya mke ni yake. Basi huwezi kuipokea pauni 252 yake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukamzuia asichume 2,400. Kaeni chini pamoja kila Aprili, na karatasi mbili za mshahara mbele yenu, mpige hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ami, kumbe mimi ndiye nilokuwa navuka." Juzi mpwa wangu kanitumia ujumbe mwingine. Ameyakubali masaa, na mumewe ameenda kuuliza habari ya pensheni. Alhamdulillahi.